Filipo Elieza, Aliyeunganisha Mafaili

Baba Mchungaji, wazee wa ukoo wa Chidumizi, majirani wa Mvumi, watumishi wa afya mliotoka Dodoma mjini, na nyote mlioacha shughuli zenu siku hii ya Alhamisi, tarehe 12 Juni 2025, tunaomba mtusikilize. Historia hii inasomwa, kwa niaba ya familia, na mdogo wa marehemu, Mazengo Elieza, mkulima wa mpunga wa Bahi, ndiye huyu mnayemwona amesimama na karatasi mkononi. Atakapofika mahali panapomhusu atajitaja kwa jina kama anavyowataja wengine, kwa kuwa akianza kusema mimi na mimi anaogopa atajipendelea. Anayajua maneno yanayopita chini kwa chini katika msiba huu tangu Jumatatu, nayo yatafikiwa kwa zamu yake. Wazee wamempa dakika kumi, anaomba asikatizwe hata zikizidi.

Marehemu Filipo Elieza Chidumizi alizaliwa hapa Mvumi tarehe 3 Machi 1961, mwaka ambao uwele ulikauka ukiwa umefika magotini tu, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Elieza Chidumizi na mama Dorika, ambao wote wametangulia. Alibatizwa katika kanisa hilihili, akaanza darasa la kwanza Januari 1969, akamaliza la saba mwaka 1975, akaendelea na sekondari mjini Dodoma hadi kidato cha nne mwaka 1979. Waliosoma naye wanasema hakuwa mtu wa mpira, ila mwalimu akitaka kujua nani hayupo alimwuliza Filipo badala ya kufungua daftari la mahudhurio. Mazengo alizaliwa miaka saba baada yake, na barua ya kwanza aliyowahi kuandika maishani, kwenda kwa mjomba aliyekuwa Kondoa, aliiandika huku mkono wa kaka yake umeushika mkono wake.

Baada ya mafunzo ya utunzaji wa kumbukumbu za afya, Filipo aliajiriwa tarehe 1 Julai 1983 katika hospitali moja ya Dodoma mjini, akiwa karani wa masijala, mahali yanapohifadhiwa mafaili ya wagonjwa, akakaa katika chumba hicho kimoja chenye dirisha la nondo hadi alipostaafu tarehe 3 Machi 2021. Wengi wetu tuliidharau kazi ile. Mazengo, enzi za ujana wake, aliwahi kumwambia mbele ya wageni kwamba yeye ni mchunga makaratasi, na Filipo akacheka tu, akasema, "Makaratasi yana nafuu, hayaingii shamba la mtu."

Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 1988 alifunga ndoa na Tumsifu, wakati huo mwalimu kijana wa shule ya msingi huko Buigiri, naye ndiye mjane mnayemwona ameketi hapo mbele na kitenge cha bluu. Mungu aliwajalia watoto wawili, Sechelela mwaka 1990 na Ndahani mwaka 1994, pamoja na wajukuu watatu, wa mwisho akiwa na wiki nne leo. Babu yake hakupata kumshika.

Sasa inabidi tueleze jambo ambalo wengi hapa hawalijui, kwa sababu Filipo hakuwa mtu wa kujisifu, na bila jambo hili yaliyotokea mwezi uliopita hayataeleweka.

Katika masijala ile kila kliniki ilikuwa na kabati lake, sukari peke yake, moyo peke yake, figo peke yake, na watu wetu wana majina mengi. Kulikuwa na mama mmoja ambaye kwenye sukari alijiandikisha Paskazia, jina la ubatizo, kwenye moyo akaandikwa Mama Yohana, na kwenye figo akatumia jina la ukoo wa mumewe, akawa na mafaili matatu, namba tatu, madaktari watatu, kila daktari akimwandikia dawa bila kujua mwenzake ameandika nini. Filipo alijua kwamba hao watatu ni mama mmoja. Alijua hivyo kuhusu mamia ya watu, kwa sura, kwa sauti, kwa kijiji, kwa jinsi walivyogonga dirisha, na hakuna aliyewahi kumwuliza.

Aliyemwuliza ni Daktari Mehnaz, mzaliwa wa Dodoma, binti wa mzee Nazir aliyekuwa na duka la vitambaa, naye yupo nasi hapa. Agosti 2018 alifika masijala akiwa na utafiti wake juu ya watu ambao moyo umeshindwa kusukuma damu inavyopasa, akitaka kujua kwa nini karibu kila mmoja wao ana maradhi mengine matatu au manne pembeni, sukari, figo, upungufu wa damu, mapafu, huzuni isiyoisha. Alimwambia Filipo kwa furaha kwamba ameshapata wagonjwa elfu nne na ushee.

"Huna," Filipo akamjibu. "Una mafaili elfu nne. Watu ni pungufu ya hapo."

Wakafanya kazi pamoja miaka miwili na zaidi. Walipomaliza, mafaili 4,216 yalikuwa watu 2,908, na kwa mara ya kwanza maradhi ya mtu mmoja yalionekana yamekaa pamoja. Majina yakaondolewa, zikabaki namba. Daktari Mehnaz na wenzake wa chuo wakachora kile ambacho Filipo aliita ramani, kila ugonjwa ni nukta, na maradhi mawili yakionekana kuwaangukia watu walewale mara nyingi kuliko bahati inavyoweza kueleza, mstari unavutwa kati yake, na kadiri yanavyofuatana ndivyo mstari unavyonenepa. Kisha wakashuka chini zaidi, hadi kwenye damu, kutazama ni protini zipi za mwili zinazoshirikiana katika ugonjwa huu na ule, maana moyo na figo vinapougua pamoja mara nyingi kuna mlango mmoja ambao balaa limepitia. Filipo aliwahi kumweleza Mazengo mambo haya wakiwa wamekaa kwenye jaruba la mpunga kule Bahi, Mazengo akamwambia kwamba hata yeye anajua mwili ni mmoja. Filipo akasema, "Unajua, lakini hospitali ilikuwa haijui."

Katika ramani ile kulikuwa na mstari mmoja uliowasumbua. Ulitoka kwenye maumivu ya magoti, ukapita kwenye figo, ukaenda moja kwa moja kwenye moyo, nao ulikuwa mnene kama kamba ya kufungia ndama. Daktari Mehnaz alidhani ni kosa la kompyuta, kwa kuwa katika mafaili hapakuwa na dawa yoyote ya kueleza uhusiano huo. Filipo ndiye aliyesema kwamba dawa ile haimo kwenye mafaili kwa sababu haitoki hospitali, wazee wanainunua dukani, vidonge vya maumivu, viwili viwili, wanavifunga kwenye pindo la kanga, wala hawaoni kwamba hiyo ni dawa ya kumtajia daktari. Wakazunguka kuuliza, Mvumi, Buigiri, hadi kule Bahi, wazee sitini, na arobaini na mmoja wakafungua pindo wakawaonyesha. Vidonge vile vinatuliza goti kweli, lakini kwa mtu ambaye moyo umeshachoka na anatumia dawa za kupunguza maji mwilini, vinaikaba figo, chumvi na maji vinabaki ndani, na moyo unabebeshwa mzigo usiouweza. Mstari ule ukaandikwa, ukatangazwa, na madaktari wa mikoa mingine wanauulizia sasa. Aliyeugundua ni karani wa masijala mwenye kidato cha nne, ndiye huyu aliyelala mbele yetu.

Kuhusu ugonjwa wake mwenyewe, Filipo aligundulika kuwa na sukari mwaka 2014, na tarehe 22 Juni 2021, miezi mitatu baada ya kustaafu, akaambiwa moyo wake umechoka na figo zimeanza kulegea. Miguu ilikuwa imevimba hadi viatu vya ibada havimwingii. Daktari Mehnaz alimketisha na karatasi moja ya maradhi yake yote badala ya tano, dawa kumi na moja zikawa saba, na Tumsifu akapewa maagizo, maji lita moja na nusu kwa siku, chumvi karibu na hakuna, uzito upimwe kila asubuhi kabla ya chai na uandikwe.

Tumsifu aliyashika maagizo yale miaka minne. Alichora mistari kwenye chupa. Mlenda aliupika bila magadi na bila chumvi, na sisi ndugu wa mume tulipokuja kutembea tulionja tukatazamana. Tukaanza kusema. Mtu wa Ugogo hanyimwi maji, hata mpita njia usiyemjua anapewa, itakuwaje mwenye nyumba, mzee wa watu, aombe kikombe cha pili na mkewe aitazame chupa kwanza? Maneno hayo yalisemwa na wengi, lakini Mazengo ndiye aliyeyasema zaidi, na anawaomba walioyasikia kwake wayakumbuke wakati huu.

Ijumaa tarehe 16 Mei mwaka huu Filipo alikwenda Bahi, kwa mdogo wake, kwenye mavuno ya mpunga. Asubuhi ile daftari linaonyesha alikuwa na kilo sitini na nane. Tumsifu alikuwa Dodoma mjini kwa Sechelela aliyekuwa amejifungua wiki hiyo, hakuweza kufuatana naye, akamfungia dawa zake, chupa yenye mistari, na karatasi ya maagizo iliyoandikwa kwa mwandiko wa kiwalimu. Alimpigia Mazengo simu akamwambia, "Shemeji, nakukabidhi. Fuata karatasi, usiongeze wala usipunguze." Mazengo akaitikia ndiyo.

Chupa ile ilimkera tangu ilipotolewa mfukoni. Vibarua walikuwa wamekaa wakila, jua la saa saba, na kaka yake mkubwa akawa anainua chupa usawa wa macho kabla ya kunywa kama mtoto anayepimiwa uji. Mazengo akaichukua, akaiweka juu ya kabati, akamjazia kata. "Kwangu maji hayapimwi," akasema, na vibarua wakacheka, naye akajisikia amemtetea ndugu yake. Jioni wakampikia kambale mkavu, aliyekolea chumvi. Siku ya kwanza Filipo alikula kidogo akasukuma sahani. Siku ya pili alikula.

Jumamosi hiyo magoti yalimkamata, kwa sababu alifika kwa bodaboda kwenye njia iliyoharibiwa na mvua na alirushwarushwa mwendo mzima. Mazengo ana vidonge vyake vya mgongo, akatoa viwili. Filipo aliviweka kiganjani, akavitazama.

"Mazengo, hivi ndivyo vile."

"Vile vipi?"

"Vya kwenye ramani."

Akacheka, cheko la mtu aliyechoka, akavimeza. Jioni akavimeza vingine viwili. Jumapili vinne, Jumatatu vinne, Jumanne asubuhi viwili. Alisema miaka minne hajatembea shambani bila kuhesabu hatua, na kwamba anataka siku nne tu za kuwa mtu kama watu wengine, kisha atarudi kwenye daftari. "Tumsifu asijue," alisema. Mazengo aliahidi. Pale Filipo alikuwa anajua kila kitu na Mazengo alikuwa anajua nusu, lakini ile nusu ilitosha, maana Filipo alikuwa amemweleza mwenyewe kwenye jaruba lilelile.

Jumanne tarehe 20 Mei mchana mkojo ulikuwa haupatikani. Usiku ule hakulala, alikaa kitandani ameshika magoti, pumzi inakuja fupi fupi, na alfajiri ya Jumatano midomo ilikuwa imebadilika rangi. Mazengo alitafuta gari, Noah ya jirani, wakafika Dodoma saa tatu asubuhi, Filipo akiwa hawezi kumaliza sentensi. Akawekewa oksijeni. Uzito wake ulikuwa kilo sabini na sita.

Daktari wa zamu alimwuliza Mazengo maswali mawili, amekula nini, na ametumia dawa gani nje ya hizi za kwenye mfuko. Mazengo alijibu kwamba amekula chakula cha kawaida, na dawa nyingine hakuna. Tumsifu alikuwa ndiyo kwanza anafika, anakimbia, mtandio umemdondoka begani, na Mazengo alipomwona woga uliokuwa kifuani mwake ukageuka hasira. Mbele ya ndugu wanane kwenye korido akamwambia, "Wewe ndiye uliyemkausha kaka yangu. Miaka minne unampimia maji. Mwili umekufa kwa kiu, sasa umeshindwa kupokea hata chakula." Tumsifu alimtazama Mazengo kisha akamwuliza, kwa sauti ya chini, "Shemeji, karatasi iko wapi?" Kabla jua halijatua simu zilikuwa zimefika Mvumi, na habari ilikuwa moja, kwamba Filipo anakufa kwa kunyimwa maji na mkewe. Habari hiyo haikuwa na mwanzo mwingine wowote ila mdomo wa Mazengo.

Madaktari waliona figo zimefunga ghafla lakini hawakujua kwa nini, na kila sababu ina matibabu yake. Wakatafuta maambukizi, wakampiga picha, wakapima hiki na kile. Daktari Mehnaz alifika Alhamisi asubuhi, akaomba daftari la uzito, akaligeuza ukurasa kwa ukurasa akiwa amesimama. Miaka minne haikuwa na siku hata moja iliyorukwa. Sitini na nane, sitini na saba na nusu, sitini na nane, mpaka Ijumaa tarehe 16 Mei, kisha siku nne tupu, halafu sabini na sita.

Akamwita Mazengo pembeni. "Mzee Mazengo, shikamoo. Kuna kitu kimeingia katika siku hizi nne. Ni nini?"

Mazengo akasema hakuna. Ilikuwa mara ya pili.

Daktari hakubishana naye. Alitoa karatasi kwenye mkoba, akaitandaza juu ya benchi, nukta na mistari, akamwonyesha kwa kidole nukta ya moyo, akafuata mstari mnene hadi kwenye figo, akafika kwenye magoti. "Unaijua hii?" akauliza. "Hii ni kazi ya kaka yako. Mimi niliidhani ni kosa, yeye ndiye aliyeniambia tuulize pindo za kanga. Sasa nakuuliza wewe swali alilonifundisha yeye, nami sitamwambia mtu yeyote usiyetaka aambiwe. Kama ni vidonge, kuna dawa ninayoitoa sasa hivi kwenye dripu kwa sababu inaongeza madhara, na kuna mashine ninayoiita leo badala ya kesho."

Mazengo alitoka nje. Alikaa kwenye ukuta mfupi karibu na bomba la kunawia mikono, akawatazama watu wanachota maji. Anataka mjue alichokuwa anakifikiri, kwa kuwa alijiahidi kusoma yote. Hakufikiri juu ya kaka yake. Alifikiri juu ya ndugu wanane wa kwenye korido, kwamba akisema vidonge, basi na maneno ya jana yatarudi yamtazame, na ataonekana ni mwongo na muuaji kwa siku moja. Pia alijiambia kwamba amefungwa na ahadi, Filipo mwenyewe alisema asijulikane, akaipenda sababu hiyo kwa kuwa ilikuwa na heshima. Alikaa pale hadi saa nane mchana. Kisha akainuka, akaingia, akatoa kwenye mfuko wa shati pakiti iliyobaki, akaiweka juu ya ile ramani, akasema, "Vinne kwa siku. Tangu Jumamosi. Nilimpa mimi." Tumsifu alikuwa amesimama mlangoni.

Tangu alipoulizwa mara ya kwanza zilikuwa zimepita saa ishirini na tisa. Mazengo amemwuliza Daktari Mehnaz kama saa hizo ndizo zilizomwondoa kaka yake, na daktari akamjibu, "Sitakuambia ndiyo kwa kuwa sijui, na sitakuambia hapana ili ulale." Hivyo ndivyo ilivyo hadi leo.

Jioni ile damu yake ilianza kusafishwa kwa mashine, pumzi ikarudi, na Jumamosi Filipo akaongea. Alipojua kwamba imejulikana alimwita mkewe akamwambia, "Tumsifu, nilikuwa najua. Usimkasirikie Mazengo peke yake." Tumsifu alitoka, akakaa nje saa nzima, akarudi na shuka safi, akambadilishia, na kuanzia kesho yake akaanza tena kuandika uzito kwenye daftari lilelile, chini ya zile siku nne.

Filipo aliishi siku kumi na sita baada ya hapo. Alitaka faili lake liingizwe kwenye utafiti kama la mtu mwingine yeyote, na kwa kuwa mkono wake ulitetemeka alimtaka Mazengo amwandikie. Mazengo akaandika kwamba mgonjwa alitumia vidonge kadhaa vya maumivu. Filipo akamsimamisha. "Kadhaa ni nini? Andika kumi na vinne. Andika tarehe. Andika alipewa na mdogo wake, naye akavipokea akijua." Mazengo akaandika hivyohivyo, na siku hiyohiyo Filipo akasema historia yake isije ikasomwa na mtu mwingine ila Mazengo.

Moyo haukurudi tena kwenye nguvu zake. Marehemu aliaga dunia Jumatatu tarehe 9 Juni 2025, saa kumi na dakika ishirini alasiri, akiwa na umri wa miaka sitini na minne, miezi mitatu na siku sita, mkewe na wanawe wote wawili wakiwa kando yake.

Jana kikao cha ukoo kilikaa hapa Mvumi. Baadhi ya wazee, kwa habari walizokuwa wamezipata, waliamua kwamba mjane asitangulie kuweka udongo, akae nyuma na wageni, na kwamba suala la nyumba litazungumzwa baadaye. Mazengo alikuwepo kwenye kikao hicho. Aliulizwa kama ana la kusema, akatikisa kichwa. Hiyo ilikuwa mara ya tatu, na ndiyo iliyomkalisha mezani leo tangu kulipopambazuka, akayaandika haya.

Wazee wangu, mmesikia. Habari mliyopewa ilitoka kwangu mimi, na ilikuwa uongo. Yule mama hakumnyima mume wake maji, alimhesabia siku, nazo zikafika miaka minne.

Familia inamshukuru Daktari Mehnaz na madaktari na wauguzi wote waliomhudumia, inawashukuru waliokuwa wenzake wa masijala ambao wamekuja na basi zima, majirani wa Mvumi mliochota maji na kupika tangu Jumatatu, vijana wa Bahi waliochimba kaburi pamoja na wa hapa, kwaya, na Baba Mchungaji. Tuliowasahau watuwie radhi.

Tumsifu hatajwi katika shukrani hizi, na kuna sababu. Leo asubuhi Mazengo alimsomea karatasi hizi zote, akamwambia kwamba akifika mwisho atamwomba msamaha mbele ya watu. Akajibiwa hivi: "Soma vyote, shemeji. Hilo usilifanye. Ukiniomba mbele ya jeneza na umati huu nitalazimika kusema nimekusamehe, na mimi sijui kama nimekusamehe. Matanga yakishaanuliwa, watu wakishaondoka, njoo uketi uniombe tukiwa wawili, nami nitakujibu nitakachokuwa nacho siku hiyo." Basi Mazengo haombi hapa. Atakwenda.

Kaka Filipo, umefanya kazi, umeugua, umechoka. Pumzika, amani ya Bwana ikae nawe.

Shemeji Tumsifu, sogea. Udongo wa kwanza ni wako.